Ala Tupu Si Bubu

Imekuwa desturi miongoni mwetu, barazani, katika vyumba vya utangazaji na hata katika kurasa za magazeti, kuuliza kila wimbo swali moja kabla ya kuusikiliza: una ujumbe gani? Na kwa kuwa ujumbe hudhaniwa kukaa katika maneno peke yake, muziki wa ala tupu, hasa ule unaotengenezwa kwa kompyuta na vinanda vya umeme, hupewa hukumu kabla ya kusikilizwa: huitwa kelele, huitwa mchezo wa mashine, au, kwa ulimi wa upole zaidi, huitwa biti, kitu kilichotandikwa kama jamvi likimngoja mwimbaji aje aketi. Nasema kwa yakini kwamba dhana hii ni batili, haina asili katika mila zetu za muziki, na inatunyima kazi bora zinazotoka wakati huu katika miji yetu wenyewe.

Wenye dhana hii aghalabu hujikinga kwa heshima ya ushairi wa pwani, nami sina nia ya kuupunguzia ushairi huo hata chembe ya taadhima yake. Lakini taarabu hiyo hiyo iliyoubeba ushairi, tangu enzi za Ikhwani Safaa iliyoundwa Unguja mwaka 1905, ina bashrafu, kipande cha ala tupu chenye asili ya Uturuki, ambacho aghalabu hufungua onyesho. Ganuni, udi na fidla hupokezana, wasikilizaji hutikisa vichwa kwa raha, wala hapana mzee anayesimama kudai kwamba ameibiwa kwa kuwa hajasikia beti. Na bara pia hali ni hiyo. Marehemu mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, aliyezungukwa na ngoma nyingi akazipiga zote peke yake, ndiye ambaye mdundo wake ulitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania kwa miaka mingi. Mdundo ule haukuwa na neno hata moja, ilhali ulipolia mazungumzo yalikatika na watu waliokuwa uani waliingia ndani. Aliyewaita ni nani, ikiwa si sauti ya ngoma yenyewe?

Basi tuje kwa vijana wa leo. Katika studio ya Sisso, mtaa wa Mburahati, Dar es Salaam, muziki wa kasi uitwao singeli ulitengenezwa kwa vifaa duni na kwa akili nyingi, na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ile ukasikika mbali na mitaa ya Manzese na Tandale. Baada yake zimefuata albamu kadhaa, na miongoni mwa ninazozipenda ni Mr Mixondo ya DJ Travella, ya mwaka 2022, na Singeli ya Maajabu ya Sisso na Maiko, ya mwaka 2024. Kipande kifupi cha kinanda hukatwa, hurudiwa, hupandishwa hadi kiwe chembamba mno, juu ya mapigo yanayopita 200 kwa dakika. Asiyezoea hudhani ni mbio tupu. Lakini akistahimili atatambua kwamba ngoma ya chini huondolewa ghafla, kinanda kikaachwa peke yake, na mwili uliokuwa ukicheza ukalazimika kuushika mwendo wenyewe mpaka ngoma irejee. Na katika kitambo kile kifupi mchezaji hujua hasa ni nini kukosa pa kuegemea na bado usianguke. Jambo hilo wakazi wengi wa jiji lile wanalijua kwa maisha yao. Mwimbaji angelihitaji beti tatu kulieleza, na pengine lingepooza njiani.

Hoja yangu nzito zaidi ni kazi za mzaliwa wa Nairobi. Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu ambaye nyimbo zake zilitikisa siasa za Kenya, hatumii mashairi ya babu yake. Hunasa sauti za mahali, akazitandaza na kuzipanga kwa kompyuta. Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, kazi iliyotokana na hazina ya sauti ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambako zimehifadhiwa sauti za watu na ala za Afrika, nyingi zikiwa zilichukuliwa zama za ukoloni. Sauti hizo huchomoza katikati ya mvumo mzito, na kabla hujamtambua mwenyewe zimekwisha kuzama tena. Wapo watakaosema kwamba jambo kubwa namna ile lilistahili wimbo wenye maneno ya kulaani unyang'anyi. Mimi naona kinyume chake kabisa. Lau angetia maneno yake juu ya sauti zile angewasemea watu wale kwa mara ya pili, kama walivyosemewa na wakusanyaji walioandika majina ya makabila juu ya visanduku. Kwa kunyamaza amewaachia nafasi, nasi tumeachiwa uzito wa kutowafahamu. Na katika Natur, ya mwaka 2024, amechukua vinasa vinavyodaka mawimbi ya umeme yasiyosikika kwa sikio, akatuonyesha kwamba mji unaodhaniwa kimya umejaa mngurumo. Hayo ni maarifa, na hayana sentensi hata moja.

Wengine husema kwamba ufundi huu ni wa Wazungu nasi twauiga. Tarehe inawakanusha. Mwaka 1944, Cairo, kijana Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine iliyonasa sauti kwenye waya, akanasa nyimbo za wanawake katika zaar, ibada ya kutuliza pepo ambayo watu wa pwani yetu hawatashindwa kuielewa, kisha akaenda studio akaondoa sauti za msingi na kuacha mwangwi unaoelea. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, anayetajwa kuwa baba wa sanaa hii, alitoa vipande vyake vya kwanza mwaka 1948. Maneno ya wanawake wale yaliyeyuka katika kazi ya El-Dabh, lakini ibada haikuyeyuka.

Ama dai la kwamba kompyuta hujipigia yenyewe, halihitaji jibu refu. Aketi mwenye dai mbele yake aone kama itampigia.

Kwa hiyo ombi langu kwa watangazaji wetu ni la wazi. Msiutumie muziki huu kuziba pengo kabla ya matangazo ya biashara, wala msizungumze juu yake. Upigeni mzima, tokea mwanzo hata mwisho, saa ambayo watu wako macho, na mtaje jina la aliyeutengeneza kwa heshima ile ile mnayompa mwimbaji. Na msikilizaji akipiga simu kuuliza ujumbe uko wapi, mwombeni kwanza aeleze mwili wake ulifanya nini wakati muziki ukilia.