Tundu Dogo Siyo Dawa

Akina baba wa Goba hutuuliza sisi wauguzi: tezi dume yenye saratani ikitolewa kwa matundu madogo, mgonjwa hupona zaidi kuliko akipasuliwa kawaida?

Huko Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine roboti, wengine upasuaji wa kawaida. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa baada ya miaka miwili hali zao za mkojo na unyumba zililingana. Kuhusu saratani kurudi, watafiti wenyewe walionya tusiharakishe kuisifu roboti. Faida ya matundu ni kupoteza damu kidogo na kurudi nyumbani mapema.

Maoni yetu ni haya: kinachookoa ni kuwahi, saratani ingali ndani ya tezi. Nayo ikianza haiumi. Baba wa miaka 50, au 45 kama baba yake au ndugu yake aliugua, amwulize daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Aliyepasuliwa naye aendelee kupimwa.

Msiuze kiwanja kufuata roboti ng'ambo kabla ya kuonana na madaktari wa Muhimbili au Ocean Road. Akina mama, wasindikizeni.