Chembe za Hewani: Idadi Peke Yake Haitoshi

Aghalabu somo la hewa katika shule za msingi huishia kwenye kadi iliyopakwa mafuta mazito. Kadi huwekwa dirishani, wanafunzi huhesabu vumbi lililonasa, na mwalimu huandika ubaoni kwamba darasa limepima wingi wa chembe za hewani. Zoezi hilo ni jema, bali hitimisho lake si sahihi. Kadi haituambii ni hewa kiasi gani iliyoipitia, na chembe ndogo kabisa, zisizoonekana kwa macho, hazikuhesabiwa.

Tutazame jinsi John Aitken wa Uskoti alivyoikabili kazi hiyo mwaka 1888. Alitia hewa katika chombo chenye unyevu, kisha akaitanua ghafla kwa pampu. Hewa ikapoa, na mvuke ukaganda juu ya kila chembe ukawa tone. Matone yakaanguka juu ya kibao kilichochorwa miraba ya milimita moja, akayahesabu kwa lenzi. Juu ya kibao palikuwa na hewa yenye kimo cha sentimita moja. Kwa hiyo kila mraba ulipokea matone ya milimita 10 za ujazo. Wastani wa matone 2 kwa mraba ulimaanisha chembe 200 katika sentimita moja ya ujazo. Hewa ilipokuwa na chembe nyingi mno, aliichanganya na hewa iliyochujwa kwa pamba, kisha akazidisha kwa kadiri aliyoizimua.

Huenda mwalimu akasema kuwa hayo ni mazito kwa watoto. Sisi hatukubali. Changanya punje za mtama katika ndoo ya mchanga. Kila kikundi kichote kisanduku kimoja cha kiberiti, kihesabu punje, na darasa litafute wastani. Punje zikizidi mno, kisanduku kimoja kichanganywe vizuri na visanduku 9 vya mchanga mtupu, kichotwe kimoja, na hesabu izidishwe kwa 10. Hapo mtoto atajua kwamba ukolezi ni idadi katika ujazo unaojulikana, na kwamba sampuli ndogo, ikichukuliwa kwa uangalifu, husemea kitu kikubwa.

Kadi isitupwe, itumike kuonyesha vumbi kubwa tu, na mwalimu aseme hivyo waziwazi. Maana mtoto akifundishwa kwamba kadi safi ni ushahidi wa hewa safi, ataamini pia kwamba jiko limekuwa salama mara moshi unapoacha kuonekana. Chembe ndogo ndizo zipenyazo hadi ndani kabisa ya mapafu. Hatuna budi, basi, kumzoesha mwanafunzi kuuliza maswali mawili kila apewapo idadi: imehesabiwa katika ujazo gani, na ni kitu gani ambacho chombo hiki hakikuweza kukiona?