Pumzi Haingoji Miezi Sita

Kwa muda mrefu mazungumzo ya matabibu juu ya kifua kikuu cha watoto yameelemea upande wa vijidudu: vitambulikane vipi, viuawe kwa dawa gani, na mgonjwa ashikamane vipi na dozi yake hata aimalize. Juhudi hiyo haikuwa ya bure, kwani ni neema kubwa kwamba tangu 2016, Kenya ilipotangulia nchi nyingine kueneza vidonge vya watoto vyenye ladha ya tunda na viyeyukavyo majini, mama hana haja tena ya kuvunja vidonge vya watu wazima kwa kukisia. Hata hivyo, rai yetu katika toleo hili ni kwamba yuko mtoto ambaye hatari yake iliyo karibu zaidi ni kukosa hewa, na kumpa huyo dawa za kuua vijidudu peke yake, kisha kungoja, ni kumdhulumu.

Asili ya jambo hili ni tezi. Aghalabu kifua kikuu cha mtu mzima hulila pafu lenyewe, ilhali kwa mtoto mdogo, hususan aliye chini ya miaka mitano, huvimbisha tezi zilizozunguka bomba kuu la hewa na matawi yake. Na kwa kuwa mabomba hayo katika umri huo ni membamba tena laini mfano wa kikonyo cha jani la mpapai, tezi huyabana kwa wepesi, na pengine hupasuka na kumwaga uchafu mzito ndani yake. Kanuni ya maumbile nayo haina huruma: njia ya hewa ikipungua upana kwa nusu, ukinzani dhidi ya mkondo mtulivu wa hewa huzidi mara 16.

Dalili zake huhadaa. Mtoto hukohoa wiki kadhaa, kifua kikalia filimbi, naye akaandikiwa pumu. Lakini tabibu akimsikiliza kwa utulivu, mtoto akiwa amepakatwa na mama yake, mara nyingi atasikia filimbi hiyo upande mmoja kuliko wa pili, na salbutamoli haiipunguzi ila kidogo. Katika picha ya eksirei huenda pafu moja likaonekana limefura na jeusi kupita mwenziwe, kwa sababu hewa huingia isipate kutoka. Au, njia ikizibika kabisa, sehemu ya pafu husinyaa ikawa nyeupe.

Kuitambua hali hiyo kuna uzito zaidi leo kuliko zamani. Baada ya utafiti uitwao SHINE, uliofanywa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliridhia tiba ya miezi minne kwa watoto wenye kifua kikuu kisicho kikali. Na miongoni mwa masharti ni kwamba tezi za kifuani zisiwe zimeziba njia ya hewa. Basi asiyeisikia filimbi ile huenda akampunguzia dawa mtoto aliyestahili miezi sita kamili.

Tiba yenyewe haina siri. Pamoja na dawa za kifua kikuu, wala kamwe si badala yake, mtoto aliyebanwa hupewa prednizoloni, kwa kawaida miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa wiki nne, kisha hupunguzwa taratibu, ili uvimbe unywee na hewa ipite wakati vijidudu vikiendelea kuuawa. Mama naye apewe hadhari mapema, kwa kuwa tezi huweza kufura zaidi baada ya dawa kuanza, kinga ya mwili inapoamka, na asiyeambiwa hudhani dawa ndiyo iliyomdhuru mwanawe akaiacha. Mwezi ukipita bila nafuu, au pumzi ikizidi kuwa nzito hata kabla ya hapo, huyo ni wa kupelekwa kwa bingwa mwenye mrija wa kutazamia ndani ya njia za hewa. Madaktari wa Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na wameonyesha kwamba tezi iliyokaidi dawa huweza kupasuliwa na kukamuliwa, ganda lake likaachwa mahali pake, kwa kuwa limegandamana na bomba na mishipa ya damu.

Tunajua kwamba zahanati nyingi hazina mrija huo wala daktari wa upasuaji wa kifua. Lakini sikio lipo, saa ya kuhesabia pumzi ipo, na prednizoloni si dawa ya anasa. Kwa hiyo tunawaomba wasimamizi wa tiba mambo mawili: kadi ya mtoto, ambayo leo huandikwa uzito na dozi, iandikwe pia hali ya pumzi yake katika kila hudhurio, na kila wilaya iijue kwa jina hospitali itakayompokea aliyezidiwa, na usafiri wa kumfikisha huko uwe umepangwa kabla hajazidiwa.