Piga Hodi Kabla ya Kupiga Picha

Ukitaka picha nzuri ya mandhari ya Kibera, simama kando ya reli saa moja asubuhi. Wakati huo jua liko chini na kila paa lina kivuli chake. Ikifika saa sita, mabati yote hung'aa sawa na picha hupoa. Kawangware nako, omba ruhusa upande ghorofani.

Lakini kumbuka, mandhari hiyo ni makao ya watu. Mnamo 2009, msanii JR wa Ufaransa alitandaza picha za akina mama wa Kibera juu ya mapaa yao, kwa plastiki isiyopenyeza maji. Picha ikazuia mvua.

Wewe je, utamwachia nini mwenye nyumba? Angalau piga hodi, kisha umpelekee nakala.