Mionzi ipimwe mwilini mwa mgonjwa

Mgonjwa wa saratani anapolala chini ya mashine ya mionzi, haoni kitu wala hasikii maumivu. Aliyepewa vidonge aweza kuvihesabu; aliyepewa mionzi hana cha kuhesabu. Kwa hiyo wenye dhamana ya tiba hiyo hawana budi kumhesabia, na kumhesabia mwilini mwake, si katika karatasi peke yake.

Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei. Aghalabu mgonjwa hupewa grei 2 hivi kwa siku, siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Ikipungua, saratani husalia; ikizidi, sehemu nzima za mwili huungua. Njia iliyo kati ya hatari hizo mbili ni nyembamba, na kosa dogo la hesabu hutosha kumtoa mgonjwa njiani.

Yaliyotokea Costa Rica yatufunze. Mwezi Agosti 1996, hospitali moja ya San José ilitia kobalti mpya katika mashine yake. Wakati wa kupima nguvu ya kobalti hiyo, 0.3 ya dakika ilihesabiwa kuwa sekunde 30, hali ni sekunde 18. Kobalti ikadhaniwa kuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa, na wagonjwa wakaachwa chini ya mionzi kupita kiasi. Watu 115 walipata dozi iliyozidi kwa nusu au zaidi, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Mashine yenyewe haikuwa mbovu. Ilitii hesabu mbovu.

Wala si nchi changa tu zinazokosea. Mjini Épinal, Ufaransa, kati ya 2004 na 2005, wafanyakazi walichanganya aina mbili za kabari, yaani vizuizi vya kupunguza mionzi upande mmoja. Wagonjwa zaidi ya 20 waliunguzwa. Hospitali hiyo ilikuwa na diodi za kupimia dozi juu ya mwili wa mgonjwa, lakini ziliachwa kwa kuwa hazikuafikiana na utaratibu mpya wa kabari. Jicho la pili lilifumbwa wakati lilipohitajiwa zaidi.

Vyombo vya kazi hii vipo, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mashine. Diodi, au punje za lithiamu floridi ambazo zikipashwa moto hutoa mwanga kulingana na mionzi ziliyopokea, huwekwa juu ya ngozi mahali mionzi inapoingilia. Katika tiba ya saratani ya mlango wa kizazi, kipima chembamba chaweza kuingizwa katika njia ya haja kubwa, ili ijulikane ni kiasi gani kimefika mahali pasipotakiwa.

Wapo watakaosema kwamba foleni ni ndefu na wataalamu ni wachache. Ni kweli. Lakini hapana anayetaka kila mgonjwa apimwe kila siku. Apimwe siku ya kwanza ya tiba, na kila mpango wake unapobadilishwa. Kobalti mpya inapotiwa, wapimwe wote. Dakika chache hizo si hasara.

Jambo moja lisisahauliwe. Chombo kinachosahihishwa kwa hesabu ileile ya mashine kitarudia kosa lilelile. Shahidi wa pili asifundishwe maneno na shahidi wa kwanza. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na Shirika la Afya Duniani, limekuwa likipeleka vipima kwa posta katika hospitali za nchi nyingi tangu 1969, ili mashine zikaguliwe na mtu wa nje.

Hapa nchini, miongoni mwa hospitali zinazotoa tiba hii ni Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Wagonjwa husafiri mamia ya kilometa kuifuata, na wengine huuza mali zao ili wafike. Basi kupima dozi mwilini kuwe kanuni iliyoandikwa, yenye fungu lake katika bajeti, na matokeo yatiwe katika faili la kila mgonjwa. Hiyo si hisani kwake. Ni haki yake.