Mfagiaji Anayekufa Njaa

Yuko samaki mmoja wa Bahari ya Hindi ambaye binadamu amemfanya mtumwa wa ufagio, na leo nataka kumtetea. Wataalamu humwita gobi. Ni mwembamba, urefu wake haufiki shubiri, mweupe kama mchanga anaoishi juu yake, na shavuni ana vidoa vya buluu. Kazi yake kutwa ni moja: huchota mchanga kwa mdomo, huuchekecha, kisha huutoa kupitia matamvua. Kwa ajili hiyo wauzaji wa samaki wa mapambo humsifu kuwa ni mfagiaji wa tangi. Mimi nasema sifa hiyo ni uongo, na uongo huo unaua.

Nasema kwa uchungu kwa kuwa niliuamini. Nilipostaafu ualimu, wanangu walininunulia tangi la kioo la lita 100. Nikalijaza maji ya bahari, nikatandaza mchanga wa pwani uliooshwa ukaoshwa tena. Muuzaji mmoja wa Mombasa akaniambia, "Mwalimu, wachukue hawa wawili, hutahangaika na usafi tena." Nikawachukua. Kwa majuma matatu mchanga wangu ulimeta, na kila mgeni aliyeingia sebuleni nilimvuta mkono akaone. Ni mke wangu aliyeniuliza, "Mwalimu, mbona wafanyakazi wako wanakonda?" Nilipotazama, matumbo yao yalikuwa yameingia ndani. Hawakuumaliza mwezi wa pili.

Kosa liko wapi? Gobi hafagii, anatafuta riziki. Ndani ya mchanga wa baharini mna minyoo na vijidudu vya jamii ya kamba visivyohesabika, na hivyo ndivyo chakula chake. Baharini, akimaliza hapa husogea pale. Ndani ya kioo hakuna pale. Eneo lile dogo hulimaliza upesi, kisha huendelea kuchekecha mchanga mtupu kwa bidii ileile, huku mwenye tangi akishangilia usafi. Tena, kinyesi hakili, hukitibua tu. Wanaoila takataka hiyo ni walewale vijidudu. Basi anayemnunua gobi ili asafishiwe tangi amemwajiri mfagiaji anayewala wafagiaji.

Najua nitajibiwa. Mmoja atasema: wangu ameishi miaka. Sawa, simkatalii. Lakini mwulize ana nini. Ana tangi kubwa lililokaa miezi mingi mpaka mchanga wake ukawa na uhai. Ana mchanga laini wa kina cha kutosha kuchimbwa shimo, na mawe yaliyokaa imara hadi chini yasije yakamponda mchimbaji. Ana kifuniko, kwa maana gobi huruka. Na kila siku humlisha mara kadhaa. Huyo hana mfagiaji. Huyo ana mgeni, naye anamtunza kama mgeni.

Mwingine atauliza: je, wavuvi wa Pwani wanaowazamia samaki hawa watakula nini? Swali la haki. Mimi siwaambii wavuvi waweke nyavu zao chini. Namwambia mnunuzi anayemwua mmoja kwa njaa, kisha akarudi dukani kwa mwingine kama aliyevunja bilauri: kila anayekufia kwako, mwenzake anatolewa mwambani kuja kushika zamu.

Nikijiuliza kwa nini nilidanganyika kwa urahisi, nakumbuka jambo ambalo halinipi fahari. Katika shule niliyoiongoza alikuwapo mtoto aliyekuwa akifika kabla ya kengele, akishika ufagio na kufagia uwanja mzima. Nilimsimamisha mbele ya wenzake kwenye gwaride la asubuhi, nikamsifu kwa bidii yake. Siku moja alianguka palepale, ufagio mkononi. Kwao hawakuwa wamepika tangu jana yake. Tulipomwuliza kwa upole, alisema alikuwa akija mapema kwa sababu karibu na jiko la walimu huenda pakabaki uji. Hakuwa akifagia kwa kupenda usafi. Alikuwa akitafuta riziki. Chuo cha ualimu kilinifundisha kumtazama mtoto kabla ya kulitazama daftari lake. Mimi nilitazama uwanja.

Nilidhani somo hilo nimelijifunza mara moja kwa maisha yote. Kumbe nilistaafu, nikalisahau sebuleni kwangu, mbele ya kioo, ambako hata kuona hakukuwa na kizuizi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kama huwezi kumlisha gobi, mwache baharini. Ukitaka mchanga mweupe, chukua kijiti ukoroge mwenyewe. Na popote utakapomwona kiumbe akifanya kazi kutwa bila kupumzika, usianze kwa kumsifu. Tazama kwanza tumbo lake.