Wanakagua jengo ama wanakagua mfuko?

Kijana wa Kibera, kijana wa Kawangware.

Ijumaa hii ukitoka msikitini, kabla hujashika simu, inua macho uangalie jengo lililo mbele yako. Chini maduka na M-Pesa, juu madrasa ama tuisheni, juu zaidi wapangaji. Ngazi ni moja. Geti la nyuma lina kufuli, na ufunguo hakuna anayejua uko na nani. Sasa jiulize: mara ya mwisho hili jengo kukaguliwa ilikuwa lini?

Usiniambie maafisa walikuja juzi. Walikuja, ndiyo. Walisimama mlangoni, wakauliza laiseni, wakaongea pembeni na mwenye duka, wakaenda zao. Nani alipanda ngazi? Nani aliangalia nguzo?

Sheria ipo, tena si ya jana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali pa kazi pakaguliwe angalau mara moja kila miezi 12. Lifti ni kila miezi 6. Kanuni za moto za mwaka huohuo zinataka mazoezi ya kutoka nje kila mwaka. Wewe unayeuza duka la mtu pale Kawangware, umewahi kufanya hayo mazoezi hata siku moja?

Huruma, 29 Aprili 2016: jengo liliporomoka usiku wa mvua, zaidi ya watu 50 wakafa. Lilikuwa limeshaamriwa libomolewe, na kodi ilikuwa bado inakusanywa. Ngando, hapo karibu tu na Kawangware, 23 Septemba 2019: darasa lilianguka asubuhi, watoto 8 wakafa. Methali ya ufa na ukuta tulifundishwa tukiwa wadogo, tukadhani ni mafumbo.

Na usidhani serikali haina macho. Julai 2018 barabara ilipotakiwa ipite Kibera, kila nyumba iliyosimama njiani ilijulikana, na tingatinga halikupotea njia.

Lakini leo nina maneno na sisi wenyewe pia. Baadhi ya wenye ploti hizi tunasimama nao safu moja. Ramadhani anafuturisha mtaa mzima, Allah amlipe, lakini ufa wa nguzo amepaka rangi juu. Ibn Khaldun, karne ya 14, anaeleza kazi ya muhtasib katika miji ya Waislamu: kuwaamuru wenye majengo yanayotaka kuanguka wayabomoe, na asingoje mtu alete malalamiko. Sisi tunangoja janaza.

Najua hofu yako. Ukisema, watabomoa, na mama atalala wapi? Hofu hiyo ni ya kweli, sitaidharau. Lakini mengi yanayoua hayahitaji tingatinga. Yanahitaji kufuli litolewe, waya za stima zibadilishwe, mtungi wa kuzima moto ununuliwe, fundi wa kweli aangalie nguzo. Hayo ni ya mwenye jengo kulipia, na yasiwe kisingizio cha kupandisha kodi.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Andikia kaunti barua: jengo fulani lilikaguliwa lini, na ripoti ilisema nini? Sheria ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu, na ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Kwa hivyo andika waziwazi kwamba ni uhai. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman. Weka nakala, piga picha kila karatasi.

Na uanze nyumbani. Maduka ya msikiti wako yanayokodishwa, na ile madrasa ya juu anakosoma mdogo wako, yana cheti cha moto? Muulize mzee wa kamati, kwa adabu, mbele ya watu. Akikasirika, mpe salamu uondoke, halafu umuulize tena Ijumaa ijayo.